Mwamuzi wa Ras Mkambi

Geti la Hifadhi ya Taifa ya Ras Mkambi lilifunguka lenyewe, na mtu wa kwanza ambaye Minza Lukelesha alimwona ndani yake aligeuza uso. Alikuwa mwanamke aliyekuwa akifagia baraza ya ofisi. Aliuegemeza ufagio ukutani, akazunguka nyuma ya jengo, asirudi.

"Usimchukulie vibaya, mama," alisema askari aliyekuja kumpokea. "Mtu akikutazama kwa muda mrefu, wenzake watasema amekukonyeza. Watu wanaogopa."

"Wananiogopa mimi?"

"Wanaogopa kukosea mbele yako."

Askari huyo aliitwa Issa Nnunduma, mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Minza alikuwa ameshona sare za shule huko Maswa kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na aliona mara moja kwamba kola ya shati la askari ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya, tena na mtu mwenye mkono mzuri. Alitaka kumwuliza ni nani. Lakini Nnunduma alikwisha kushika ushanga.

Ulikuwa ushanga mmoja mweusi, mdogo kama punje ya choroko, umetungwa kwenye uzi. Alimfunga shingoni taratibu, vidole vyake visimguse ngozi.

"Kuanzia sasa, kila unachokisikia nao unakisikia," alisema. "Mtu akijaribu kukuvuta upande wake, utawaka mwekundu, na kijiji chake kitapoteza haki yake kwenye uamuzi. Kwa hiyo hakuna atakayejaribu. Ukiwa na swali, uulize ushanga, nao utakujibu kilicho kweli na si zaidi. Mimi naruhusiwa kukuonyesha njia na kukupikia chai."

"Na jina langu?"

"Silijui, wala sitakiwi kulijua. Hapa wewe ni Mgeni."

Minza hakuomba kazi hii. Hapo awali mambo ya namna hii yaliamuliwa na kompyuta, watu wakachoma vituo vyake. Kisha yakaamuliwa na mawaziri, watu wakasema wamehongwa. Ndipo ikaja sheria ya kura: palipo na jambo la kuokoa hiki na kuacha kile, mtu mmoja wa kawaida, asiye na ndugu wala shamba mahali hapo, atachaguliwa kwa bahati nasibu, aende akaone kwa macho yake, kisha aseme neno lake. Safari hii kura ilimwangukia yeye, mjane ambaye hakuwahi kuiona bahari.

Kabla hawajamchukulia simu, mwanawe Masanja alimwambia, "Mama, wewe sema lolote urudi nyumbani." Aliyasema kwa upendo, na Minza alilijua hilo. Lakini tangu mumewe Mabula afariki hakuwa na mtu wa kumwuliza hata rangi ya mapazia, na njia nzima kutoka Maswa alikuwa akifikiri kwamba Mabula asingemjibu vile. Angevuta kiti, akae, aseme, "Haya, nieleze kwanza."

*

Waliingia msituni asubuhi, kwa miguu. Mvua zilikuwa bado mbali, na msitu wote ulikuwa umepukutisha majani. Miti ilisimama uchi juu ya ardhi ya mawe ya matumbawe ya kale, mawe yenye matundu na makali, na majani makavu yalilia chini ya viatu vyao. Mahali pengine mti ulikuwa umekaa juu ya jiwe, mizizi yake ikilikumbatia kama vidole juu ya goti.

"Huu umekufa au umelala?" Minza aliuliza.

Nnunduma alichomoa kisu kidogo, akakwaruza gome kwa ncha. Chini yake palikuwa kijani kibichi, pana unyevu. Akaendelea kutembea. Minza alimfuata, akawa anaangalia. Walivyozidi kusogea upande wa bahari ndivyo askari alivyokwaruza mara nyingi zaidi, na kijani kikawa kinafifia, kikawa njano, na mwishowe chini ya gome pakawa na rangi ya kahawa na vumbi. Kwa nje miti yote ilifanana.

Alishika ushanga. "Ni nini kimeiua miti hii?"

"Chumvi," ulijibu ushanga sikioni mwake, sauti isiyo ya kike wala ya kiume. "Juu ya mwamba wa matumbawe zimefungwa mashine za ukungu zinazoelea. Zinavuta maji ya bahari na kuyarusha angani yakiwa matone madogo kuliko unga. Matone hayo yanafanya mawingu ya chini yawe meupe zaidi, mawingu meupe yanarudisha jua, na maji yaliyo chini yake yanapoa. Upepo ukitoka baharini, chumvi inayobaki huanguka msituni."

"Na mashine zikizimwa?"

"Msimu huu maji ya moto yanakuja kutoka kaskazini. Bila kivuli cha mawingu, matumbawe ya Ras Mkambi yatakufa yote kabla msimu haujaisha. Bahari haitarajiwi kupoa tena, kwa hiyo hayatarudi."

"Na zikiendelea?"

"Matumbawe mengi yataishi. Msitu wa upande huu utakufa kwa miaka minane hadi kumi na miwili. Baadhi ya miti yake haipo mahali pengine."

Mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayotikisika, yule sange, alivuka njia mbele yao, akasimama, akapiga ardhi kwa mguu wa nyuma, akatoweka kwenye majani. Hakuna kingine kilichosogea.

Karibu na kijiji cha Namgongo walimkuta mfugaji nyuki, mwanamume wa kama miaka arobaini, akishusha mzinga wa gogo kutoka mtini kwa kamba. Nnunduma alimtambulisha kwa jina moja tu, Likwata. Likwata alimwamkia Minza, "Shikamoo," huku macho yake yakiwa kwenye kamba.

"Marahaba, baba. Asali ya mwaka huu ikoje?"

Likwata alifikiri. Minza aliona taya lake likisogea bila neno kutoka, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kuliachia.

"Nyuki ni nyuki," alisema mwishowe. "Wanakwenda kwenye maua."

"Na maua yapo?"

Likwata akageuka kabisa, akampa mgongo. Ilikuwa heshima, Minza alielewa, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa akikilinda kijiji chake dhidi ya mdomo wake mwenyewe. Lakini kuutazama mgongo ule, shati limelowa jasho katikati ya mabega, kulimuuma kuliko tusi. Wapita njia wengine walifanya vivyo hivyo. Mlangoni mwa nyumba ya wageni alikuta bakuli la uji na kipande cha sega la asali, vimefunikwa kwa kawa, na hakuna aliyekuwa amebisha hodi.

*

Kesho yake bahari ilikuwa imekupwa, na mwamba ukawa wazi mbali sana, hadi mahali mawimbi yalipovunjika kwa mstari mweupe. Wanawake wa Pombwe, kijiji cha ng'ambo ya mkondo, walikuwa wametawanyika juu yake wakitafuta pweza. Walipomwona Minza walisogea mbali wote kwa pamoja, polepole, kama kundi la ndege. Alibaki mmoja. Alikuwa mnene, amejifunga kanga kiunoni, na alikuwa na pweza aliyekwisha mng'ang'ania mkono, kwa hiyo hakuweza kwenda popote.

"Mimi Somoe," alisema huku akimbandua pweza mnyiri kwa mnyiri. "Ukitaka kuuliza, uliza habari za pweza. Hizo nitakujibu hadi maji yajae."

Minza alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike. Akauliza habari za pweza. Somoe akamweleza jinsi ya kulijua tundu lenye mwenyeji: kome na kaa waliokwisha kuliwa hutupwa mlangoni kama maganda ya karanga, na mlango wenyewe huwa umefagiwa. Akamwonyesha jinsi ya kuingiza kijiti taratibu bila kuvunja matumbawe, mkono ukiwa mwepesi.

"Mama yangu alikuwa akisema mkono wangu ni wa mshonaji," Somoe alisema. "Shati la huyo baba hapo nimelishona mimi."

Nnunduma, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alikohoa, akatazama pembeni. Minza alimtazama mmoja, kisha mwingine. Ushanga ulibaki mweusi.

"Weka uso majini," Somoe akamwambia, akimvalisha miwani ya mpira. "Mimi nakushika."

Minza hakujua kuogelea. Alipiga magoti kwenye ukingo wa mwamba, akashika mkono wa mwanamke asiyemjua, akatia uso majini. Chini yake kulikuwa na kina, na kwenye kina kile matumbawe yalisimama kama vichaka, kama meza, kama ubongo wa mnyama, ya zambarau na ya manjano na ya rangi ya chai ya maziwa. Samaki walikuwa wengi kiasi kwamba hakujua amtazame yupi. Na kulikuwa na sauti. Hilo hakuna aliyemwambia. Mwamba wote ulikuwa ukitatarika, kitu kama mafuta kwenye kikaango, maelfu ya viumbe wadogo wakifanya shughuli zao. Alikaa hadi pumzi ikaisha, akainua kichwa, akavuta hewa, akarudi tena.

Alipoinuka mara ya mwisho Somoe alikuwa anatazama upande mwingine, midomo imebanwa, machozi yakimshuka bila sauti. Kulia hakukukatazwa, kumbe, kwa sababu ushanga haukuwaka. Lakini Somoe mwenyewe aliogopa. Aliuachia mkono wa Minza, akachukua kapu lake, akaondoka haraka juu ya mwamba bila kuaga.

*

Alasiri hiyo na nyingine iliyofuata Minza alikaa peke yake kwenye veranda ya nyumba ya wageni. Mbele yake bahari, nyuma yake msitu.

"Mashine zikiwashwa nusu?" aliuliza ushanga.

"Ilijaribiwa misimu mitatu. Theluthi ya matumbawe ilikufa, na msitu uliendelea kufa kwa kasi ileile."

"Kusafisha miti kwa maji baridi?"

"Maji baridi ya wilaya nzima hayatoshi."

"Vijiji vina watu wangapi?"

"Namgongo, mia sita na arobaini. Pombwe, mia sita na kumi na mmoja."

"Ungekuwa wewe ungechagua nini?"

"Mimi sichagui," ulisema ushanga.

Alitamani hata ungedanganya. Alitamani mtu aje avute kiti. Alijaribu kumweleza Mabula kwa sauti, kama alivyozoea kufanya kule nyumbani akiwa na cherehani, akafika katikati ya maelezo akasita, kwa sababu alikumbuka kwamba ushanga unasikia, na hakutaka wale watakaousikiliza baadaye huko wizarani wasikie jina la mumewe. Akaendelea kimoyomoyo. Alimweleza yote: gome na rangi ya kahawa, mgongo wa Likwata, mwamba unaotatarika. Alimwambia kwamba hakuna hesabu itakayomsaidia, kwa sababu kila kitu kimewekwa kwenye mizani na mizani imesimama katikati.

Jua lilipokuwa linaelekea kuchwa ushanga ulisema kwamba maji ya moto yamefika kwenye boya la kaskazini. Neno lilihitajika kabla ya asubuhi.

Minza alisimama. Alikuwa na wazo moja tu, na alilishika kama mtu anayeshika ukingo wa mtumbwi. Matumbawe yangekufa msimu huu, yote, na hakuna ambaye angeweza kufanya lolote isipokuwa kutazama. Msitu ungekufa polepole. Katika miaka minane mtu anaweza kuokota mbegu. Anaweza kuotesha miche upande wa bara ambako chumvi haifiki. Anaweza kuhamisha nyuki. Si msitu wote, wala si watu wote. Lakini kitu.

"Endesheni mashine," alisema.

"Neno limepokelewa," ulijibu ushanga.

*

Asubuhi mawingu juu ya bahari yalikuwa meupe kama pamba inayotoka kiwandani, yamejipanga chini chini juu ya mwamba, na hewa ilikuwa baridi kidogo. Nnunduma alikuja na begi la Minza mkononi. Alimfungua Minza ule ushanga, akautia kwenye kasha, akafunga.

"Boti inakusubiri kwenye gati la nyuma," alisema. "Hakuna atakayekuona. Jina lako halitatajwa popote. Ukifika mjini watakurudishia simu yako."

"Wewe ni wa upande gani, Bwana Nnunduma? Sasa unaweza kuniambia."

Askari alilitazama lile kasha kwanza, kana kwamba hana hakika limefungwa sawasawa.

"Mimi nimezaliwa Namgongo. Likwata ni mdogo wangu, tumbo moja. Somoe ni mke wangu." Akaweka begi chini. "Nyumbani kwetu jambo hili halisemwi. Tunakula, tunalala, tunaulizana habari za watoto. Niliomba kazi ya kumpokea Mgeni kwa sababu mpokeaji ndiye mtu pekee wa hapa asiyetakiwa kuwa na upande."

"Ningechagua vingine ungefurahi?"

"Ningelia kwa ajili ya mke wangu. Leo nakililia kijiji cha mama yangu. Ndivyo ilivyo, mama."

Minza alikaa kwenye ngazi za veranda. Aliiona boti kwa mbali, kijiboti cha buluu kilichofunikwa turubai, kilichotengenezwa ili mtu aondoke bila uso. Alijua kwamba akiingia mle atafika Maswa, atakaa mbele ya cherehani yake, na hatakuwa na mtu hata mmoja wa kumweleza aliyoyafanya, maana sheria ilimfunga mdomo nje ya hifadhi kama ilivyowafunga wenyeji ndani.

"Na humu ndani?" aliuliza. "Naruhusiwa kusema?"

Nnunduma alifikiri. "Neno likishatoka, wewe ni mtalii wa kawaida. Mtalii anazungumza na amtakaye."

"Basi nipeleke Namgongo."

"Mama, si lazima."

"Najua."

*

Walikuwa wamekusanyika tayari kwenye uwanja wa shule, maana mawingu meupe yalikwisha kuwapa habari. Walipomwona akija kwa miguu kando ya askari, watu walianza kugeuka kwa mazoea, kisha wakagundua kwamba shingo yake iko wazi. Wakamtazama, wote kwa pamoja, na Minza alihisi uzito wa macho yale baada ya siku zote za migongo.

"Naitwa Minza Lukelesha," alisema. "Ni fundi cherehani wa Maswa. Mimi ndiye niliyesema mashine ziendelee."

Mahali fulani mtoto mchanga alikuwa analia, akanyamazishwa kwa titi.

Aliwaeleza sababu yake. Alisema yote, bila kupamba: kwamba matumbawe yangekwisha mara moja, na kwamba wao wana muda. Aliposikia neno hilo "muda" likitoka mdomoni mwake mbele ya watu, aliliona dogo sana.

Likwata alisimama kutoka kwenye benchi.

"Kwa hiyo kosa letu ni kufa polepole," alisema.

Kama ushanga ungekuwapo labda ungempa Minza hesabu.

"Ndiyo," alisema. "Nimewatwisha ninyi kwa sababu mnaweza kubeba. Si haki. Sikupata njia nyingine."

Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuliza, "Sasa umekuja tukusamehe?"

"Hapana, mama. Nimekuja mnijue."

Yule mwanamke alimtazama kwa muda mrefu. "Haya, tumekujua," alisema, akainuka, akaondoka na mkeka wake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana. Uwanja ulibaki na Minza, Nnunduma, na Likwata ambaye alikuwa akichora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Mizinga ya upande wa bahari inafika mia moja na kitu," Likwata alisema bila kuinua uso. "Ikibaki kule, nyuki watahama wenyewe na hatutajua wamekwenda wapi. Alfajiri tunaanza kuipeleka bara. Ni mwendo mrefu na mawe ni makali."

"Sawa," alisema Minza.

"Unaweza kubeba?"

"Naweza."

Alilala kwa mama yake Nnunduma, kwenye chumba cha unga. Mwenye nyumba alimpa shuka, hakumpa neno. Alfajiri, kabla nyuki hawajaanza kutoka, wabebaji walikutana chini ya miti iliyokufa. Kila mzinga ulikuwa umezibwa mdomo kwa majani mabichi yaliyoletwa kutoka mbali. Minza alipewa wa nne katika msururu. Walipomtwisha alisikia gogo lote likinguruma hadi kwenye meno yake, maelfu ya viumbe gizani wasiojua wanapelekwa wapi wala na nani.

Walianza kutembea kuelekea bara. Jua lilipanda, lakini lilikuwa hafifu, limefunikwa na utando mweupe uliotoka baharini, na alipojilamba midomo ilikuwa na chumvi. Mawe yalimkata kiatu. Kwenye mteremko wa kwanza mzinga uliteleza kidogo kichwani, akasimama, akiogopa kuutua peke yake na akiogopa kuomba.

Mwanamke mwenye miwani, aliyekuwa nyuma yake, alitua wake. Alimsogelea, akamshikilia mzinga kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamvua kitambaa kichwani, akakisokota upya kuwa ngata nene, iliyobana vizuri. Akaiweka utosini, akamrudishia mzigo.

Kisha akarudi mahali pake kwenye msururu, na wote wakaendelea.